Tumfunge mnyororo kwa muda gani?

Swali: Daktari, shikamoo. Tuko Kilifi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, na maradhi ya akili yakimpanda huvunja vyombo na kutoka nje usiku. Hospitali walimpa haloperidol, dawa ya maradhi hayo, siku ya tatu shingo ikapinda na macho yakapanda juu. Mganga akasema majini yake hayataki vidonge: tuviache, tumfunge mguu mpaka apoe. Tumfunge kwa muda gani isiwe kosa?

Jibu: Marahaba, dada. Hakuna muda. Hata usiku mmoja ni kosa.

Hiyo shingo ndiyo iliyompa mganga mlango. Haloperidol huwakakamaza misuli baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo. Tunaijua hali hiyo na tiba ipo: sindano moja mara nyingi humlegeza ndani ya nusu saa, kisha hupewa benzhexol, vidonge vya kuzuia mkakamao huo, na dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mrudisheni leo. Akichachamaa kiasi cha kuhatarisha watu, waiteni polisi. Sheria inawaruhusu kumfikisha hospitali.

Sasa linaloniuma. Kila wiki naambiwa, "Huyu hajielewi, hata ukimfunga hajui." Anajua! Niliwahi kuletewa kijana kwa tuktuk, mnyororo umezama kwenye nyama ya kifundo, ufunguo wa kufuli umepotea. Ikabidi tumwite fundi wa kuchomelea aje na msumeno wa chuma. Kijana hakutoa neno mpaka mnyororo ulipoanguka sakafuni, ndipo akauliza, "Huu ni mwezi gani?" Alikuwa akihesabu siku, hesabu ikampotea.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 25, inakataza mateso na ukatili bila kumbagua mgonjwa, na haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inataka mgonjwa ashirikishwe katika matibabu yake. Kwa hiyo akitulia muulize yeye: ile shingo ilimtisha vipi, kama angependelea sindano ya mara moja kwa mwezi kuliko vidonge, nani amsindikize kliniki. Wengi huacha dawa kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Dua sikatazi. Akitaka kusomewa, asomewe huku anameza dawa. Ninayempinga ni yule anayewaambia muache vidonge kisha akatoa kufuli, awe mganga au mwenye nyumba ya maombezi. Hao hulipisha kwa mwezi, kwa hiyo kupona kwa mgonjwa ni hasara kwao, na jamaa wakija kumwona huambiwa watamrudishia pepo. Kabla hujamwacha ndugu yako popote, hata penye kibao kizuri na ofisi yenye feni, omba kuonyeshwa mahali wanapolala, kisha tazama vifundo vya miguu vya waliotangulia.