Nilisema ni uzee, baba akaumia miezi saba

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwamba mama yake, mwenye miaka 78, anajikuna usiku kucha, na nyumbani wameshakubaliana kuwa ni uzee tu. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikaweka simu chini. Maneno hayo nayajua. Yalitoka kinywani mwangu.

Baba alianza kulalamikia ubavu wa kushoto. Alisema unawaka, kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Ngozi haikuwa na kitu. Nikamchua kwa dawa ya misuli, nikamwambia, "Baba, kwa umri huo mwili lazima ulalamike." Siku ya tatu nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika shati kwa vidole viwili, analivuta lisimguse. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema yuko salama, nami nilikuwa nawahi kazini. Nilipokuja kulivua shati lile, siku ya saba, malengelenge yalikuwa yamejipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi, upande mmoja tu, bila kuvuka katikati ya mwili.

Mkanda wa jeshi. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga aliyougua utotoni: vilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo, vikaamka kinga ilipopungua. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu vipele vimetoka lini, maana dawa za virusi hivyo husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Baba akajibu kwa sauti ya chini: siku nne. Alikuwa akiviona, akaninyamazia asinisumbue.

Vidonda vilikauka baada ya wiki chache. Maumivu yalibaki miezi saba. Mzee wangu alikuwa anatokwa machozi shuka likimgusa. Sijajisamehe mpaka leo.

Sasa naijua ngozi yake kuliko yangu, na najivunia hilo. Anaoga maji ya uvuguvugu, si ya moto. Namkausha kwa kumgusagusa na taulo, simsugui, halafu nampaka mafuta mazito ya mgando mwili ungali na unyevunyevu. Uzeeni mafuta ya asili ya ngozi hupungua, na ngozi yenyewe huwa nyepesi hivi kwamba plasta ikibanduliwa kwa pupa huondoka nayo. Ile mivilio ya zambarau mikononi huja kwa kugongwa kidogo tu, na hufifia yenyewe. Lakini kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au doa linalobadilika umbo na rangi, hilo ni la daktari. Tazama na nyayo na chini ya kucha: sisi weusi, melanoma, ile saratani ya ngozi, mara nyingi hujitokeza huko.

Ndugu zangu, msimuulize mzee kama yuko salama. Atasema yuko salama. Mvue shati, kwa heshima, mtazame. Mgongo, makalio, visigino. Kila wiki mtazame. Tunawanunulia zawadi, tunawapigia simu, na mwili uliotubeba hatuutazami!

Nawe uliyeniandikia: kagua katikati ya vidole vya mama, vifundo vya mikono na kiunoni. Ukikuta vipele vidogo au vijistari vyembamba, na hasa kama nawe umeanza kuwashwa, huenda ni upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi. Hapo hutibiwa nyumba nzima kwa wakati mmoja, hata asiyewashwa. Usimpake krimu ya steroidi uliyopewa na jirani, kwa sababu huficha upele na kuzidi kuidhoofisha ngozi. Kama huoni kitu na mwili mzima unawasha, daktari atataka kupima figo, ini, sukari na tezi ya shingo, kwa hiyo beba na dawa zote anazomeza. Mpeleke kesho. Leo usiku, kabla hajalala, washa taa ukae naye, umwombe akuonyeshe panapowasha.