Ndiyo Senje, nimelipa mtoto akakame ng'ombe

Senje, shangazi yangu, ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia nimeisikiliza mara tatu. Unauliza nimekosaje pesa za mabati ya nyumba ya Kuka, babu yetu, halafu nikapata za kumlipia mtoto akakame ng'ombe wa Wazungu. Mabinamu wamecheka, basi acha nijibu mbele yao.

Nililipa, sitakudanganya. Ni kambi ya likizo ya watoto, inaitwa Farm & Wilderness, iko Plymouth, jimbo la Vermont, Marekani, safari ya saa kadhaa kwa gari kutoka hapa Lowell, Massachusetts. Ken na Susan Webb, mume na mke, waliianzisha 1939 kwa misingi ya dhehebu la Marafiki (Quakers), ingawa watoto wengi wanaokwenda si Marafiki. Wanalala kwenye vibanda vya mbao vilivyo wazi upande mmoja. Stima hakuna, simu hakuna, choo ni cha shimo. Wanahudumia mifugo, wanapalilia bustani, wanaogelea, wanapanda milima. Najua utasema: si hayo yote angeyapata kwangu Vihiga bure, na ugali juu?

Angeyapata. Lakini shule hapa zinafungwa Juni mpaka mwisho wa Agosti. Mimi niko zamu ya usiku nikihudumia wazee, mama yake zamu ya mchana, na hakuna jirani wa kumwambia "niangalizie huyu". Mwaka juzi mtoto alishinda na tabuleti likizo nzima, mapazia yamefungwa ili mimi nilale. Hilo sikuwahi kukwambia. Na tiketi za watu watatu kuja nyumbani zingepita ada ya kambi, maana tulipunguziwa kwa sababu ya mshahara wetu.

Barua yake ya kwanza: mbu wamenimaliza, watoto weusi ni wachache, njoo unichukue. Sikulala. Ya pili ilisema nisithubutu kuja kabla ya siku.

Ila kilichonishangaza mimi ni ibada. Kila siku wanakusanyika na kukaa kimya. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya. Aliye na neno analisema, asiye nalo anasikiliza ndege. Na hao ni Marafiki kama sisi! Wamisionari waliofika Kaimosi, huko kwetu magharibi mwa Kenya, 1902 walitoka Marekani hiyo hiyo, lakini walikuwa wa mkondo wa mahubiri na nyimbo, ndiyo maana mimi nimekulia kanisani na sijawahi kunyamaza humo dakika mbili. Mtoto ameniuliza, "Baba, kwani kanisani kwa Senje watu hunyamaza saa ngapi?" Nikajifanya natafuta funguo za gari. Siku hizi anatunyamazisha mezani mpaka chai inapoa.

Mabati: nusu natuma Septemba, nusu Desemba. Kuka mwambie asipande tena kule juu kuziba na karatasi ya nailoni, angoje fundi.