Maswali na majibu: mkono unaokakamaa kwenye kalamu

Mimi ni mwalimu. Nikianza kusahihisha madaftari, vidole hubana kalamu na kiganja hujikunja, lakini nikimenya viazi mkono hauna neno. Picha ya MRI imetoka safi, na wenzangu wanasema ni wasiwasi tu. Je, ni kweli?

Hapana, mwalimu. Maelezo yako yanafanana sana na distonia ya mkono, yaani ugonjwa unaofanya misuli ijikaze bila hiari, hasa ile inayowapata waandishi na wapiga ala, ambayo huzuka katika kazi moja mahususi na kuziacha nyingine. MRI ya kawaida hutafuta uvimbe, kiharusi na makovu, na katika ugonjwa huu kwa kawaida haioni kitu. Ndiyo maana kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kuwa tatizo lao ni la akili, jambo lililowaonea bure.

Nasikia ipo MRI inayopima dutu nyeupe ya ubongo. Inafanyaje kazi?

Hufuata maji. Nyuzi za neva zimevikwa mayelini, utando wenye mafuta unaoipa dutu hiyo weupe wake, na molekuli za maji husogea kwa wepesi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikatiza. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake walieleza hesabu ya kupima mwelekeo huo. Kipimo kinachotumika zaidi huanzia 0, pale maji yanaposambaa sawasawa pande zote, hadi 1, pale yanapofuata mstari mmoja. Utafiti wa mwaka 2009 ulikuta kipimo hicho kimepanda kwa wenye distonia ya kuandika katika kapsuli ya ndani, njia nyembamba inayopitisha amri za mwendo kutoka kwenye gamba la ubongo kuelekea uti wa mgongo.

Mabadiliko hayo ni chanzo au matokeo?

Bado wataalamu wanajadili. Utafiti mdogo wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia wa ubongo ilitoweka wiki chache baada ya wagonjwa kudungwa botulinamu, dawa inayolegeza misuli, kwenye misuli yao. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu linadokeza kuwa angalau sehemu ya mabadiliko hayo si kovu la kudumu.

Basi nilipie kipimo hicho?

Usilipe kwa ajili ya utambuzi. Matokeo hayo ni wastani wa makundi, hayatoshi kumhukumu mtu mmoja. Mwone daktari wa mishipa ya fahamu, naye atakutazama ukiandika mistari michache, kisha atakuomba uandike kwa mkono mzima huku ule mgonjwa umetulia mezani. Mara nyingine vidole vya mkono huo mgonjwa hujikunja vyenyewe, ingawa havijashika chochote.