Mzee wa meza ya pili ananifyonzea meno

Swali:

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 28, mhasibu katika ofisi moja ndogo hapa Mwanza mjini, ghorofa ya pili, upande wa Barabara ya Kenyatta. Chumba chetu kina meza tatu, feni moja na dirisha ambalo halifunguki vizuri. Anayekaa mkabala nami ni mzee wa rika la baba yangu, mtu mwema kwa kweli, na ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi. Shida huanza saa nane mchana. Akishamaliza ugali wake wa muhogo na sato kwa mama ntilie wa hapo chini, hupanda na njiti mdomoni, na tangu hapo hadi saa kumi huchokoa na kufyonza, huchokoa na kufyonza, kwa sauti fupi na kali ambayo haina tofauti na msonyo, nami nina hesabu za mwezi za kufunga. Wiki za mwanzo niliamini kabisa kwamba ananisonya mimi. Akimaliza meno hufungulia jumbe za sauti za ndugu zake kwenye spika ya simu. Umeme ukikatika na feni ikasimama, ndiyo basi tena, nasikia hadi mate. Siku hizi ninabamiza droo na kuhema kwa nguvu ili aelewe, lakini haelewi. Nimewaza kumshtaki kwa afisa utumishi, nimewaza kuvaa hedifoni siku nzima, nimewaza hata kuacha kazi. Je, mwenye matatizo ni mimi?

Msomaji wa Nyamagana

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na droo, kwa sababu umeitaja kwa haraka kana kwamba haina uzito. Kwa jinsi ulivyoieleza ofisi yenu, kelele kubwa kuliko zote mle ndani ni hiyo ya kwako. Yeye anafyonza bila kujijua, wewe unabamiza kwa makusudi, na yule mwenzenu wa meza ya tatu, ambaye hukumtaja hata kwa sentensi moja, huenda amekwisha kuamua ni nani kati yenu asiyevumilika. Isitoshe, droo haisemi jambo lolote linaloeleweka. Mzee akisikia kishindo atadhani una mgogoro na mchumba wako, au kwamba hesabu zimekataa kulingana.

Kuhusu msonyo, ninakuelewa sana. Kwetu sisi sauti ile ni tusi kamili, na mtoto aliyemsonya mkubwa alikuwa akijua kwamba siku yake imeharibika. Kwa hiyo sikio lako linapoipokea, hukasirika kwanza, na akili inakuja baadaye kukumbusha kwamba ni mfupa wa sato tu. Kukumbushwa huko mara arobaini kwa mchana mmoja kunachosha, hata kama humchukii mtu.

Lakini nadhani sauti yenyewe si nusu ya mateso yako. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha mwaka 1972 majaribio ambayo watu walifanyishwa kazi huku wakipigiwa kelele kali, zisizo na mpangilio. Wengine waliambiwa kwamba kuna kitufe cha kuzimisha kelele hizo endapo zitawazidi, ila wakaombwa wasikitumie kama wanaweza kuvumilia. Wengi hawakukigusa. Hata hivyo, kelele zilipokwisha na watu wakapewa kazi nyingine, wale waliojua kwamba kitufe kipo walishikilia mafumbo magumu kwa muda mrefu zaidi na wakakosea mara chache zaidi katika kusahihisha maandishi, ingawa kelele waliyoisikia ilikuwa ni ileile. Wewe huna kitufe. Unakaa kuanzia saa nane ukisubiri mfyonzo unaofuata, hujui utakuja lini, na umejiaminisha kwamba huna ruhusa ya kusema neno. Hapo ndipo penye kazi.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda ukazungumze naye, na uende mwenyewe. Najua desturi yetu ya kumtuma mtu kwa mkubwa, nami ninaiheshimu katika posa na katika misiba, lakini jambo la njiti likipitia kwa mtu wa tatu litafika likiwa limenona. Mzee ataambiwa kwamba unamwona mchafu, na utakuwa umempoteza mwalimu wako. Nilipata kukaa chumba kimoja na mwenzangu aliyekuwa akigonga meza kwa pete kila alipofikiri. Nikamtuma mtu. Pete ilinyamaza siku hiyohiyo, naye akanyamaza pamoja nayo kwa muda wa miezi mitano, salamu tu asubuhi na jioni. Ningalipewa nafasi ya kuchagua, ningalichagua pete.

Usizungumze saa nane, wakati njiti iko mdomoni nawe umekwisha kufura. Chagua chai ya saa nne, au dakika chache kabla watu hawajaingia, mkiwa wawili tu. Mwamkie kama kawaida yako, usiruke salamu kwa sababu ya wasiwasi, kisha useme kwa maneno yako kitu kama hiki: «Mzee wangu, nina ombi dogo, na ninaomba usilichukulie kama kukosa heshima. Masikio yangu yana udhaifu wa sauti ndogondogo, na mchana, baada ya chakula, ile sauti ya kusafisha meno hunipotezea hesabu kabisa. Ningekuomba ulimalizie huko chini kabla hujapanda.» Usiseme kwamba wenzako wote wanalalamika, hata kama ni kweli, kwa sababu hapo utakuwa umemkalishia baraza. Usiongeze habari za simu siku hiyo. Ombi moja mtu hulimeza, lakini mawili yakifuatana huwa orodha ya makosa. Ukimaliza, muulize naye kama kuna lako linalomsumbua, na ukae tayari kusikia neno «droo».

Simu iache wiki mbili au tatu. Hiyo ni nyepesi kuombea kwa sababu ni chombo, si mwili wake, na una haki ya kusumbuka nayo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 2010 kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo ya simu huvuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa kuwa akili hulazimika kubuni sehemu iliyokosekana. Kama yuko mbali na kijana wa kumwelekeza, mwonyeshe wewe kwamba ujumbe wa sauti ukiwekwa sikioni kama simu ya kawaida husikika bila spika. Wazee wengi hawajaambiwa hivyo.

Afisa utumishi si hatua ya kwanza. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini kelele inayowashughulisha wakaguzi ni ya mashine zinazoharibu usikivu, ile inayofika desibeli 85 kwa saa nane. Njiti haifiki hata robo ya safari hiyo. Hedifoni nazo ni sawa kwa saa moja ya kufunga hesabu, iwapo umemwambia mapema kwa nini unazivaa, ila ukizivaa siku nzima mbele ya mtu mzima anayekuita mara mbili bila kuitikiwa, utaonekana una dharau, na pengine itakuwa kweli. Jaribu kwanza kuigeuza feni ivume upande wako. Wewe mwenyewe umesema kwamba ikisimama ndipo unaposikia kila kitu.

Sasa swali lako la mwisho. Kama shida hii ni ya mzee huyu na ya ofisi hii tu, huna tatizo, una jirani. Lakini jiulize: je, nyumbani pia sauti ya mtu anayetafuna au anayevuta kamasi inakupandisha hasira ya ghafla, ukatamani kutoka mbio? Je, imekuwa hivyo tangu utotoni au ulipokuwa ukibalehe? Hali hiyo ipo, na Margaret na Pawel Jastreboff waliipa jina la misofonia mwaka 2001. Si utundu wala roho mbaya, na wanaoishi nayo husaidiwa kwa ushauri nasaha na kwa kuzoezwa kuipokea sauti bila kuruka. Ikiwa unajitambua katika maelezo hayo, panda Hospitali ya Bugando, uanze na madaktari wa masikio, pua na koo, kisha uwakubalie wakikuelekeza idara ya afya ya akili. Usiogope kibao cha mlangoni.

Swali:

Shangazi, mimi ni upande wa pili wa jambo hili. Naimba besi katika kwaya ya parokia hapa Bukoba, na nikizama kazini huwa navumisha nyimbo bila kujua. Juzi nimekuta kikaratasi mezani: «Hapa si kanisani.» Hakina jina. Nimtafute aliyeandika?

Msomaji wa Bukoba

Jibu:

Usimtafute. Aliyeandika alishindwa kufanya kile nilichomshauri binti wa Nyamagana, na ukimbaini mtakuwa wawili wenye aibu. Kesho wakati wa chai waambie wote kwa pamoja kwamba ujumbe umefika, kwamba hujisikii unapovuma, na kwamba anayekusikia akuguse bega. Anayekaa karibu nawe atakugusa mara nyingi wiki ya kwanza, na usinune. Kikaratasi chenyewe kitupe leo, kabla hujaanza kulinganisha herufi zake na mwandiko wa kila mtu.