Muulize Mjomba: Grafu bila mausi

*Mjomba shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Likoni, tuko wanawake 14. Juzi mtoto kanimwagia chai ya maziwa kwenye laptopu, herufi zote zafanya kazi alhamdulillahi lakini pale pa kusukuma kwa kidole pamekufa kabisa, na mausi siwezi kununua mpaka mwisho wa mwezi. Wenzangu wanataka grafu ya michango, Januari mpaka Juni, wanasema zile nambari nikiwasomea wanasinzia. Yawezekana kuchora kwa kibodi tupu? Halafu hata kabla ya hiyo chai nilijaribu mara moja, nguzo moja ikapanda mpaka juu na zile nyengine zikawa kama hazipo, nkafuta.*
*Mweka hazina, Likoni*

Marahaba mama, pole na chai. Yawezekana sana, na ntakwambia kitu, mimi mausi ninayo mezani hapa na grafu bado nachora kwa kibodi kwa sababu ni vitufe viwili tu: weka kishale popote ndani ya jedwali lako la Excel, shika Alt, bonyeza F1, imekwisha. Grafu inatokea hapo hapo juu ya shiti, ya nguzo zilizosimama. Ukitaka ikae shiti yake peke yake, kubwa, ya kuprinti, basi badala ya Alt na F1 bonyeza F11 peke yake.

Sasa ile nguzo yako ndefu naijua bila kuiona. Chini ya Juni umeandika JUMLA, sivyo? Excel haijui kama Jumla si mwezi. Ukiweka kishale ndani ya jedwali ukabonyeza, inachukua kila kitu kilichoshikana na hicho kisanduku mpaka ikutane na mstari mtupu, kwa hivyo Jumla nayo ikapewa nguzo, na kwa vile ni miezi sita kwa pamoja imesimama kama mnara wa msikiti na hao wengine wamekaa chini kama kaimati. Yalinipata mimi hayo, tena mbele za watu, nshaprinti nakala kumi kwa saiba moja Mwembe Tayari, mzee mmoja kauliza "huu mwezi wa saba tulipata wapi pesa zote hizi?" Mkutano ukaisha hapo.

Dawa ni kuchagua wewe mwenyewe unachotaka kichorwe. Nenda kisanduku cha kwanza kabisa juu kushoto, pale ulipoandika "Mwezi" (Ctrl na Home itakufikisha kama jedwali limeanzia mwanzo wa shiti). Shika Ctrl na Shift pamoja, bonyeza mshale wa chini, rangi itashuka mpaka Jumla. Bado umeshika, bonyeza mshale wa kulia, itaenea mpaka kolamu ya mwisho. Sasa achia Ctrl, baki na Shift peke yake, bonyeza mshale wa juu mara moja: Jumla imetoka. Kama una Jumla ya pembeni pia, mshale wa kushoto mara moja. Ndiyo kisha Alt na F1.

Au kama wataka njia ya uvivu, ingiza mstari mmoja mtupu kati ya Juni na Jumla halafu usihangaike tena.

Grafu ikishatokea iko tayari mkononi mwako, yaani imechaguliwa. Bonyeza mshale wa juu au wa chini utaona viboksi vinahama, mara kwenye kichwa, mara kwenye nguzo, mara kwenye ile mistari ya nyuma. Ukifika kwenye kichwa andika tu "Michango ya chama Januari hadi Juni" halafu Enter. Ukitaka kubadilisha rangi ya kitu ulichosimamia bonyeza Ctrl na 1. Ukitaka kugeuza nguzo ziwe mstari, Shift na F10 inafungua ile menyu ambayo watu huipata kwa kubonyeza mausi upande wa kulia, shuka na mshale mpaka pa kubadilisha aina ya chati. Ukimaliza Esc inakurudisha kwenye nambari zako. Na ukiitaka tena grafu baadaye, hapa ndipo watu wasio na mausi hukwama wakadhani imewafungia mlango: Ctrl, Alt na 5 pamoja, kisha Tab mpaka uifikie.

La mwisho mama, ukiwa umeichagua grafu ukabonyeza Ctrl na P inaprinti grafu peke yake, ukurasa mzima, nambari zinabaki nyumbani. Na saiba nyingi wino ni mweusi tu, kwa hivyo usiweke nyekundu na kijani ukategemea wenzako watazitofautisha, zote zitatoka kijivu.

*Sasa Mjomba, niko atachimenti ofisi moja ya klearing huku Changamwe. Bosi aliniambia bonyeza F11, nkibonyeza sauti inaongezeka tu, nkibonyeza Alt na F1 sauti inazimwa. Wenzangu wanacheka.*
*Kijana wa atachimenti*

Laptopu nyingi za sasa zile F za juu zimepewa kazi ya sauti na mwangaza. Shika Fn, iko chini karibu na Ctrl, halafu F11. Au Fn, Alt na F1, vidole vitatu, utazoea. Na kama ofisi yenu yatumia Google Sheets ndani ya brauza, F11 itajaza skrini yote na grafu hutaiona, huko kwa Chrome bonyeza Alt na I menyu ya kuingiza ifunguke, utafute chati kwa mishale. LibreOffice nayo, programu nyengine ya majedwali, ukibonyeza F11 inakufungulia mitindo ya visanduku. Kwa hivyo kabla ya kucheka, hao wenzako wakwambie kwanza ni programu gani.

*Assalaam aleikum Mjomba. Nauza nazi na ndimu Kongowea, mauzo yangu nimeyaweka mwaka baada ya mwaka tangu 2018. Nikichora napata nguzo mbili mbili, moja ya pesa na moja ya mwaka wenyewe! Na shiti ya kijana wangu, yeye nguzo hazisimami kabisa, ziko chini tu.*
*Mama Nazi*

Waaleikum salaam. Yako kwanza. 2018 ni nambari, na Excel ikiona nambari inachora, haina habari kama ni mwaka au ni nazi. Futa lile neno "Mwaka" kwenye kisanduku cha pembe ya juu kushoto, kiache kitupu, ndiyo uchore upya na Alt na F1. Hapo inaelewa kolamu ya kwanza ni ya majina ya kuwekwa chini ya nguzo. Grafu ikishakaa, rudi uandike "Mwaka" wako, haitaharibika.

Ya kijana naona amezoea risiti. Ameandika 500/= na 1,200/=, kama sote tulivyofundishwa. Kwa Excel ile alama ya /= ikishaingia hiyo si pesa tena, ni maneno, na maneno hayana urefu. Tazama, nambari za kweli husimama upande wa kulia wa kisanduku, zake zimeegemea kushoto. Achague kolamu, Ctrl na H, juu aandike /= na chini asiandike kitu, kisha Alt na A kubadilisha zote kwa mpigo. Nguzo zitainuka hapo hapo akiangalia, wallahi napenda kuona hilo.

*Mjomba nataka chati ya duara ya mauzo ya miezi 12, shotikati gani?*
*Msomaji, Bamburi*

Alt, kisha N, kisha R, moja baada ya nyengine si kwa pamoja, na Excel iwe ya 2013 kuja juu, utaletewa chati za kuchagua. Lakini duara ya vipande 12 nani atajua Machi ni kubwa kuliko Agosti? Duara ililetwa duniani na Mskoti mmoja, William Playfair, mwaka 1801, na huyo huyo miaka 15 nyuma ndiye aliyechora nguzo za biashara ya Uskoti kwa mkono. Miezi chora nguzo. Duara waachie wenye vipande vitatu.

*Mjomba, na kwa simu je?*
*Dereva wa tuktuk, Tudor*

Simu haina Alt mwanangu. Tumia kidole.