Inhela ya kahawia: mbona nisiikate mwanangu akipata nafuu?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Tunakaa Langoni, Lamu. Mwanangu wa miaka 7 ana pumu, na alipewa inhela mbili, ya buluu na ya kahawia. Akipata nafuu naikata ya kahawia, kwa sababu majirani wananiambia mwili utaizoea na hataweza kuishi bila hiyo. Lakini haipiti muda kifua kinambana tena usiku. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Nianze na hilo la majirani, kwa kuwa ndilo linalomrudisha mtoto kwenye kuhema. Inhela haimfanyi mtu mtumwa wa dawa. Mwanao anabanwa tena kwa sababu ugonjwa haukuwa umeondoka, ulikuwa umenyamaza.

Mwenye pumu, njia ndogo za hewa mapafuni huwa zimevimba hata siku anazokimbia na wenzake ufuoni. Uvimbe huo hausikiki. Yakija mafua, vumbi au moshi, misuli ya njia hizo hukaza, makohozi huzidi, na ndipo unaposikia kifua kikilia. Ile ya buluu, salbutamoli, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, kisha nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe haiutibu. Kazi hiyo ni ya inhela ya kahawia, mara nyingi beklometasoni, nayo huenda polepole: huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kushika sawasawa. Kila ukiikata, unaanza upya. (Soma jina la dawa pia, usitegemee rangi peke yake.)

Basi mpe kila siku kama ulivyoandikiwa, anakohoa au hakohoi. Kupunguza aachiwe daktari, kwa kawaida baada ya miezi 3 hivi ya utulivu. Inhela ya kahawia ni steroidi, yaani dawa ya kushusha uvimbe, sikufichi, na ikitumiwa kwa miaka yaweza kumpunguzia urefu kama sentimita 1. Lakini pumu iliyoachwa hivi hivi nayo hudumaza mtoto, na huua. Kila akimaliza kuivuta asukutue na ateme, asije akaota utando mweupe kinywani.

Anaivutaje? Hapa ndipo dawa nyingi hupotelea. Mtoto akipuliziwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa huishia kooni. Anahitaji spesa, chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na kama hukuipata dukani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita yafaa. Madaktari wa Afrika Kusini waliipima na kuona inafanya kazi. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela, uzibe pembeni hewa isivuje. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa inhela, ichomeke, mtoto aweke mdomo wa chupa kati ya meno na kuubana kwa midomo, ubonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi mara 5 au 6. Kisha ndio ubonyeze tena.

Nyumbani, najua ni vigumu kuacha kufukiza udi na ubani, hasa siku za wageni. Hata hivyo fukiza akiwa nje, madirisha wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi, chandarua ni bora. Jiko la kuni au makaa liwe mbali na anapolala, na asiwepo mvuta sigara ndani. Punda wa mitaani nao usiwalaumu mpaka uone kweli kifua chake hubana akiwakaribia.

Akihitaji ile ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, au akiamka usiku, mrudishe kliniki. Akibanwa ghafla, mketishe wima, mpulizie ya buluu kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, hadi 10. Asipotulia, au akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi au akilegea, mkimbize Hospitali ya King Fahd huku ukiendelea kumpulizia njiani. Wewe uko karibu. Walio Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, wasingoje dalili hizo ndipo watafute boti.

Na mwalimu wake wa chuo (madrasa) aonyeshwe inhela ya buluu imewekwa mfuko gani wa mkoba, na namna ya kuibonyeza.