Kupiga picha za ufuo kwa tiara: uzoefu wangu wa Luchelele

Ndugu uliyeuliza iwapo unaweza kufuatilia mmomonyoko wa mwalo wenu, yaani ufuo wa kutia nanga mitumbwi, kwa kamera ndogo bila kununua droni: inawezekana, kwani nimefanya hivyo upande wa Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria huku Mwanza, kwa tiara na kamera ya mfukoni, ila kazi kubwa iko chini, si angani.

Kurusha ni kwepesi. Subiri upepo wa ziwani, ambao huvuma kuelekea nchi kavu jua likishapanda. Itegeshe kamera ijipige yenyewe kila baada ya sekunde 5, usiguse zumu hadi umalize, kisha tembea polepole ili kila picha iingiliane na iliyotangulia kwa theluthi mbili au zaidi. Kutoka mita 60, nukta moja ya picha zangu ni takribani sentimita 2 ardhini. Karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza, ulio kandokando ya ziwa, hata tiara siirushi.

Siku ya kwanza nilitandaza viroba vyeupe vinne viwe alama za kuoanishia picha, nikapima umbali kati yake kwa futi kamba. Kabla sijamaliza kukunja uzi, mama mmoja alikwisha kuanika dagaa juu ya viwili, na kusema kweli alikuwa na haki kuliko mimi. Tangu hapo napaka misalaba ya rangi juu ya majabali, ambayo Mwanza hatuna uhaba nayo.

Kosa lililoniaibisha ni kupima mstari wa maji. Ziwa Victoria hupanda na kushuka, kama tulivyoona mwaka 2020 lilipoingia hadi kwenye nyumba za watu. Ufuo ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20, maji yakipanda sentimita 30 tu, mstari huo husogea mita 6 bila punje ya mchanga kuondoka. Nilikwisha kutangaza kijiweni kwamba ufuo umeliwa. Maji yaliposhuka, mchanga ukaonekana pale pale. Sasa napima ukingo wa juu, pale udongo ulipokatika na mizizi ikabaki inaning'inia, na kila nikirusha nasoma kimo cha maji kwenye jabali nililolichora mistari.

Magugu maji yakijazana ufukweni, ahirisha: kutoka juu hufanana na nchi kavu, na kwa kuwa hayatulii, programu ya kuunganisha picha hudanganyika.